Nimefuta Sauti ya Mama Mara Mbili

Hawi ameshika simu yangu sasa hivi kwa mikono miwili, ameileta karibu na mdomo kama mtu anayepuliza uji, akaiambia, “Imba.” Akangoja. Akaitikisa. Akaiambia tena, “Dani, imba.” Halafu akanirudishia na uso wa mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Kwenye kioo kuna maneno yale yale ya wiki tatu sasa: Wimbo huu haupatikani tena.

Ana miaka miwili na miezi minne. Hajui kusoma. Anajua tu kwamba ndani ya hii simu alikuwa Dani, nyanya yake, akiimba, na siku hizi hayuko.

Leo ni Jumanne, baridi ya Julai ile inapita katikati ya mabati na kukaa kwa kitanda kama mgeni. Jua hatujaliona tangu Ijumaa. Nguo nilizofua jana ziko kwa kamba, maji bado yanadondoka kwa mikono ya sweta. Nina hasira, Shajara, na sijui nimkasirikie nani, ndiyo maana nimekukimbilia wewe. Mama anakuja saa kumi. Saa hizi ni saa nane na dakika chache.

Wacha nieleze tangu mwanzo, maana kuna wanaosoma hii blogu na hawamjui mama yangu.

Mama ameishi Kibera, upande wa Olympic, tangu kabla sijazaliwa. Alifulia watu nguo mtaa wa Ayany na aliimba. Kufua ndiko kulikotulisha, lakini ukimuuliza kazi yake angesema anaimba. Kwaya ya akina mama ya kanisa letu ilirekodi nyimbo kumi nikiwa darasa la sita, na yeye ndiye alikuwa mwanzishaji. Katika wimbo wa tatu anaanza peke yake, mistari minne kwa Dholuo, kabla kinanda hakijaingia na kabla wenzake hawajaitikia. Hiyo mistari minne watu wazima walikuwa wanaisikiliza wakiwa wamesimama.

Mwaka jana alitolewa uvimbe shingoni. Uvimbe ulitoka salama, tukashukuru Mungu. Sauti haikurudi. Sasa akiongea ni kama kijiko kinakwangua ukoko kwa sufuria. Kanisani anachezesha midomo tu. Hakuna mtu anayemuuliza, na yeye haelezi.

Hawi hamkumbuki na ile sauti ya kwanza. Kwake yeye kuna Dani wa simu, ambaye anaimba, na kuna nyanya wa Olympic anayekuja na ndizi, na hao ni watu wawili tofauti. Siku moja mama alimwambia kwamba yule wa simu ni yeye. Hawi alicheka. Mama pia alicheka, lakini nilimwona akivuta kitambaa chake cha shingoni kikae sawa.

Alhamisi mama anarudi nyumbani, kule upande wa ziwa. Haendi kutembea, anaenda kukaa. Nyumba ameshaitolea notisi, kitanda amempa jirani. Ameniomba kitu kimoja tu. Ana redio ndogo, ile ya kuingiza memori kadi kwa ubavu, na alitaka nimwekee nyimbo zao zote kumi. “Nataka nikienda niende na sauti yangu,” aliniambia.

Nilimwambia ni kazi ya dakika tano.

Hapo ndipo nilipo. Nilisema dakika tano, na zile nyimbo sikuwa nazo tena.

Nilikuwa nazo. Kwa miaka mingi nilikuwa nazo kwenye memori kadi, kwa kabambe yangu ya zamani, ile simu ya vibonyezo na tochi kichwani. Nyumbani kwetu kila kitu huwa na mtu wa kukiweka. Dada yangu huweka vyeti vya kuzaliwa, mimi niliwekeshwa nyimbo kwa sababu nilikuwa mtu wa simu. CD zenyewe ziliisha kitambo. Ya mwisho ndugu yangu aliifunga kwa baiskeli ili ing'ae akipita.

Kisha nikaolewa Kawangware, nikapata shemeji anayejua kompyuta.

Cliff ni mdogo wa Baba Hawi. Anafanya kazi kwa cyber, na anapenda kompyuta vile wengine wanapenda mpira, mpaka kugombana. Si mtu mbaya. Hawi akiwa mgonjwa yeye ndiye hukimbia duka la dawa. Siku alipoona kabambe yangu alicheka akasema hiyo ni ya kupeleka makumbusho. Akaniketisha akanielimisha: memori kadi hufa bila kuaga, hupotea, hufuliwa mfukoni. Na ni kweli, moja niliwahi kuifua na omo. Akachukua simu yangu ya kioo, akatafuta kwa app ya muziki, ile ya kulipia, na hapo hapo akaipata albamu yote. Yule mtu wa studio aliyewarekodi alikuwa ameiweka. Picha ni wao wenyewe na vitenge vya kijani, mama wa tatu kutoka kushoto.

Nilipiga kelele, Hawi wa miezi minne akaamka.

Kulikuwa na kitufe kimeandikwa Nunua. Nilibonyeza. Kulikuwa na mshale wa kupakua. Nilibonyeza. Ikatokea tiki ndogo ya kijani kando ya kila wimbo. Cliff akazima data ili anionyeshe, na kweli mama akaimba bila bando. “Umeona, shem? Ni yako sasa,” akasema. “Hata hii simu iibiwe, unaingia kwa nyingine na password yako, mama anaendelea alipoachia.”

Akaniuliza kama anaweza kusafisha ile memori kadi atuwekee katuni za mtoto. Nilisema sawa kabla hajamaliza kuuliza.

Hilo nataka liandikwe hapa vizuri. Nilisema sawa.

Wiki tatu zilizopita picha ya vitenge vya kijani ikageuka rangi ya majivu. Nilifikiri ni mtandao. Nikazima simu, nikaiwasha. Nikatoka nje nikaiinua juu kama mjinga. Nyimbo hazikucheza, ila tiki zote kumi bado ziko, hata sasa hivi ninapoandika. Cliff aliwaandikia wenye app, na jibu lao lilikuja na pole nyingi na maelezo kwamba aliyeiweka ameitoa. Yule mtu wa studio namba yake haipatikani tangu enzi. Akina mama wa kwaya nimewauliza wote ninaowajua. Kila mmoja alinijibu kwa mshangao kwamba alidhani ni mimi niliye nazo.

Jumamosi nilimfunga Hawi mgongoni nikaenda kwa kibanda cha Brayo. Brayo hutengeneza simu hapa Kawangware, na Jumamosi mchana watu wa kompyuta hukusanyika kwake. Wanakunywa chai ya tangawizi, wanabishana. Cliff alikuwepo. Alikuwepo pia Mwas, kijana wa chuo mwenye miwani, anayesomea hayo mambo yenyewe. Cliff alikuwa ameniambia niende, kwamba vichwa vitatu havishindwi.

Nilieleza. Nilieleza mpaka ile ya shingo. Walinisikiliza vizuri, kwa heshima. Halafu Brayo akashika simu yangu, akaichungulia, akaniuliza kama nimewahi kumtumia mtu wimbo mmojawapo kwa Bluetooth. Nikasema ile app ilikuwa inakataa.

“Basi haikuwa yako, Mama Hawi,” akasema. “Kitu hakitoki kwa Bluetooth, ujue umeazimwa.”

Nikamwambia nilinunua. Kitufe kilisema Nunua, hakikusema Azima. Mwas akanieleza, polepole kama mwalimu, kwamba nilichonunua ni ruhusa ya kusikiliza, na hiyo ruhusa ina masharti, na masharti yale niliyakubali. Nikauliza niliyakubali lini. Akasema kuna mahali nilibonyeza. Sikatai. Mimi shule niliachia kidato cha pili, lakini hata ningefika wapi, nani husoma yale maandishi madogo na mtoto analia?

Hapo wakaniacha, wakaanza kubishana wenyewe.

Cliff alisema siku hizi hakuna mtu anamiliki muziki, hayo ni mawazo ya wazee, muziki umekuwa kama maji ya mfereji. Brayo akamuuliza ni mfereji gani wa Kawangware anaoujua yeye ambao hutoa maji kila siku. Wakacheka wote. Nilicheka pia, kusema ukweli. Mwas akasema wote wawili wamekosea, kila mtu mwenye akili anaweka nakala tatu mahali patatu, na yeye ana diski kubwa kwao Kinoo yenye nyimbo elfu na elfu zilizopangwa kwa mwaka na kwa aina. Brayo akamuuliza ni ngapi amesikiliza. Mwas akasema si kusikiliza, ni kuhifadhi. Wakaenda mpaka ubora wa sauti, namba za sauti, kwamba faili fulani hukata sauti za juu na nyingine hubakisha kila kitu. Wakabishana earphone za waya na zisizo na waya. Wakabishana kama simu zisizo na tundu la earphone ni wizi au ni maendeleo. Cliff akasema, na aliona ni mzaha mzuri, “Mimi hata sina nyimbo. Mimi niko na password.”

Hawi alilala mgongoni. Chai yangu ilipoa.

Nilikaa hapo nikawaangalia, Shajara. Hawakuwa wabaya. Ilikuwa ni mada nzuri, na mimi nilikuwa nimewaletea. Wanapenda sana vitu vinavyobeba muziki. Muziki wenyewe sikumsikia hata mmoja akiutaja. Hakuna aliyeniuliza huo wimbo wa tatu ulikuwa unasema nini.

Ni Brayo aliyegeuka mwishowe. Akauliza kama enzi zile kulikuwa na mtu Kibera aliyekuwa anachoma hiyo CD ya mama, yaani kuinakili na kuuza, bila ruhusa. Akasema yeye akitafuta kitu cha zamani huwa haendi kwa mwenyewe, huenda kwa aliyeiba, kwa sababu mwizi hutunza.

Nilimjua. Kila mtu Kibera alimjua. Odhis wa Kuchoma.

Odhis alikuwa na kibanda cha sinema na nyimbo njia ya kwenda Ayany. CD ya kwaya ilipotoka, wiki ya pili tayari alikuwa anaiuza yake, bei ya chini, na picha imefifia mpaka akina mama wanaonekana kama wamezama. Kanisa lilikasirika. Jumamosi moja akina mama saba walimwendea, wamevaa vitenge vile vile vya kijani, mama yangu mbele. Mimi nilikuwa nimebeba mkoba wake.

Odhis hakubishana. Kuna kitu kuhusu mama saba wa kanisa wakisimama kwa mlango wako. Mama alimwambia afute wakiwa wanaona. Akafuta. Nyimbo zikatoka kwa ile folda moja moja, na akina mama wakaanza kugeuka waende.

Na hapo mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye nilisema, “Mama, bado ziko kwa pipa.”

Shuleni tulikuwa na kompyuta moja, na mwalimu alikuwa ametufundisha lile pipa la takataka lililo kwenye kona. Kwamba ukifuta kitu hakijatoka, kimelala hapo, unaweza kukirudisha. Nilikuwa najivuna kulijua. Nililionyesha kwa kidole. Odhis aliniangalia, sitasahau, hakuniangalia kwa hasira, aliniangalia kama mtu aliyeshindwa na mtoto. Akalifungua pipa, akalimwaga. Akina mama walinipigia makofi. Mama alininunulia soda njiani, nzima, yangu peke yangu.

Kwa hivyo Jumamosi pale kwa Brayo nilikuwa najua kitu ambacho wale watatu hawakukijua. Kwamba hata mwizi hakuwa nazo, na ni mimi niliyehakikisha.

Lakini jana nilienda, na Hawi mgongoni. Unajua mtu akikwama huenda hata mahali anapojua hakuna kitu. Nilishuka mbali nikazunguka na njia ya Ayany ili nisipite karibu na Olympic nikakutana na mama. Nilitembea kama mtu mwenye hatia ndani ya mtaa niliozaliwa.

Odhis amezeeka kidogo, nywele za pembeni ni nyeupe. Siku hizi anauza kava za simu na kuchajia watu, na bado anawawekea wateja sinema kwa flashi. Sikujua nianzeje. Nilimsalimia nikamtajia jina la mama. Akaacha kava aliyokuwa anaifuta, akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwa Hawi.

“Wewe ndiye wa pipa,” akasema.

Nikasema ni mimi.

Alicheka mpaka akakohoa. Akaita jirani yake, mama wa viazi, aje amwone yule msichana aliyemshtaki kwa kompyuta yake mwenyewe. Mama wa viazi akaniambia nimekuwa mkubwa, nikajaribu kucheka nao. Halafu nikamweleza kilichonileta. Ile ya shingo, ile ya Alhamisi. Odhis aliacha kucheka. Alivuta kiti akampa Hawi, mimi akanipa debe.

Alifunua kompyuta yake ya zamani, anaifunika na leso kama mkate. Alitafuta kwa jina la kanisa, kwa jina la kwaya, kwa jina la mama. Alitafuta zaidi ya saa moja na kila mteja aliyekuja alimwambia arudi baadaye. Hakukuwa na kitu. Alikuwa amefuta kweli. “Nyinyi mlinitisha,” akasema. “Nilijua mtarudi kuangalia.”

Nikasimama niende. Ndipo akakumbuka miksi.

Kabla ya ile siku ya vitenge alikuwa ametengeneza miksi ya nyimbo za injili kwa wauza mboga, saa nzima, wimbo unaingia katika wimbo. Hiyo hakuwahi kumwambia mtu, na haikuwa kwa ile folda. Akaitafuta, akaipata, akasukuma mbele, akasukuma, na katikati ya watu wengine nikamsikia mama yangu.

Nilimsikia kwa sekunde tatu hivi. Kisha Odhis mwenyewe, Odhis wa miaka ile, sauti ya kijana na mwangwi kama yuko ndani ya tangi, akapiga kelele juu yake: “Odhis wa Kuchoma! Kibera! Tunachoma mpaka inaiva!” Na king'ora nyuma yake. Kisha mama tena nusu mstari. Kisha king'ora. Kinanda kikaingia, wenzake wakaitikia, ubeti mmoja na kiitikio, na wimbo wa mtu mwingine ukaja ukawafunika.

Ile mistari minne. Ndiyo aliyopigia kelele.

Odhis alikuwa anaangalia kibodi. Baadaye akasema wachomaji walikuwa wanaweka sauti zao hivyo ili mchomaji mwingine asiwaibie. Niliona akiyasikia maneno yake mwenyewe alipoyasema. Akasema, “Ningejua atanyamaza, singeongea pale.”

Alikata kile kipande, akakiweka kwa memori kadi mpya kutoka kwa sanduku lake, akakataa nimpe chochote. Akaituma pia kwa simu yangu. Kwa Bluetooth. Ilifika kwa sekunde kumi.

Nimekuwa nikijiuliza tangu jana huyu Odhis nimweke wapi. Alituibia. Na kati ya wote niliowaendea, mwenye app, mwenye studio, wanakwaya, shemeji na mimi mwenyewe, ni yeye peke yake aliyekuwa na kitu cha kunipa. Sipendi kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyo.

Jioni nilimwonyesha Cliff. Alifurahi kweli, akasema hiyo ni shida ndogo, kuna programu siku hizi ya akili bandia inatenganisha sauti, unamtoa mtu mmoja unambakisha mwingine. Alikaa nayo kama nusu saa mezani kwetu, Baba Hawi anakula, mimi nimesimama nyuma yake. Akanivalisha earphone.

Odhis alikuwa ameondoka. King'ora pia. Na mwanamke alikuwa anaimba mistari minne bila kukatizwa, safi, kama anaimba ndani ya maji.

Hakuwa mama. Pale kelele ilipokuwa, mashine ilikuwa imejaza yenyewe. Cliff alinieleza kwa furaha kwamba inasikiliza kabla na baada, halafu inakisia mtu angeimbaje hapo katikati. Niliisikia ikimkisia. Mama kuna mahali huvuta pumzi kabla ya neno la mwisho, inasikika, tulikuwa tunamtania nayo nyumbani. Mashine haikuvuta pumzi. Nilivua earphone nikamwambia Cliff aifute. Akasema, lakini shem, mama hatajua tofauti.

“Ni sauti yake, Cliff. Atajua,” nilisema.

Baba Hawi akaacha kula. Cliff aliifuta. Baadaye akiwa mlangoni aliniomba msamaha, si kwa ile ya mashine, kwa ile ya memori kadi. Alisema siku ile alipoifuta hakufikiria, aliona tu nafasi. Nilimwambia sote tuliona nafasi. Sikumwambia kwa upole sana.

Leo asubuhi niliingiza ile kadi kwa ile redio ndogo, mama aliniachia, nikampigia Hawi kile kipande. Odhis alipopiga kelele alishtuka, akaangalia mlangoni kama kuna mtu ameingia. Mama aliporudi, ile nusu mstari, akaweka kiganja chake juu ya spika. Halafu akataka irudiwe. Ikarudiwa. Mara ya sita alianza kupiga kelele pamoja na Odhis. Nilizima nikaenda nje kuangalia nguo ambazo nilijua hazijakauka.

Sasa ni saa tisa na nusu. Wacha nikiri kitu. Tangu asubuhi nimekuwa nikitunga uongo. Nimefikiria kumwambia mama redio imeharibika tundu, nitamtumia kadi na mtu akishafika. Nimefikiria kumwambia ni wenye app, ambayo ni kweli nusu. Nimefikiria kumpa kile kipande na kusema Odhis ndiye aliharibu. Ninao uongo mwingi, na kila mmoja una mtu wa kulaumiwa, na hakuna hata mmoja wenye jina langu.

Lakini nikimwacha aende Alhamisi na uongo, atakaa kule kwa miaka akiningoja nimtumie sauti yake. Atamwambia kila jirani kwamba binti yake wa Nairobi anaileta. Namjua.

Kwa hivyo hapana.

Nitamwambia yote. Tiki, memori kadi, na ile “sawa” yangu. Nitamwambia hata ya pipa, ingawa pengine anaikumbuka kama siku nzuri na nitamharibia. Nitampigia kile kipande na king'ora chake, aamue mwenyewe kama anakitaka kwa redio au hapana. Ni sauti yake. Atakasirika. Pengine atanyamaza tu, na hiyo kwake ni mbaya zaidi.

Na kuna kitu kingine nimekifikiria, sijakiambia mtu. Nimechaji kabambe. Ina kinasa sauti, kibaya, kina mkwaruzo kama mvua ya mbali, lakini kinachonasa kinakaa kwenye kadi na unaweza kumpa mtu mkononi. Nataka nimwombe mama aongee. Asiimbe, sitamwomba hilo. Aseme tu yeye ni nani, na huyu mtoto ni nani kwake, na ile mistari minne inasema nini, aitamke hivi hivi na hiyo sauti ya ukoko aliyobaki nayo. Anaionea haya. Akipigiwa simu na mgeni humpa mtu mwingine aongee. Pengine atakataa. Lakini ile ya zamani nimeipoteza nikiwa na uhakika kwamba ninayo, na hii ya sasa bado iko, inapanda kilima saa hii na mfuko wa ndizi, na hakuna mtu hata mmoja duniani aliyewahi kuiweka mahali. Siku moja Hawi atauliza. Sitaki nimwonyeshe tiki.

Nitaanza na lililo gumu kabla hajaketi, maana akishaketi nitampa chai na nikimpa chai nitaogopa. Nitasema, Mama, nyimbo nilizipoteza mimi. Si simu. Nitasema hivyo kwanza, halafu ninyamaze nimwache aseme anachotaka, halafu nimwonyeshe kabambe na kumwomba

Ni yeye huyo, amefika mapema, anagonga mabati na ufunguo. “Nyathina, mwanangu, fungua, huku nje kuna baridi,” na sauti imekatika hapo kwa baridi, akakohoa, akaanza tena kuniita, wacha niende nimfungulie nimwambie kabla